Anaandika riwaya rangi ikikauka

Saa moja asubuhi, mtaa bado unapiga miayo. Mwanamke aliyevaa ovaroli yenye madoa ya kila rangi anavuta mguu wa mwisho wa herufi, anarudi nyuma, anafumba jicho moja, kisha anatikisa kichwa kama mtu aliyeitikia salamu. Kibao kinasomeka: MAGODORO YA KILA UNENE. Kimeegemea ukuta wa karakana, kinameremeta kwa ubichi.

Anachovya brashi kwenye kopo la thina, anaifuta kwa kitambaa, ananawa mikono. Halafu anapindua ndoo tupu na kuikalia. Magotini anaweka kipande cha plaiwudi chenye karatasi zilizobanwa kwa vibanio vya nguo. Anachomoa penseli nyuma ya sikio, anainama.

Kuanzia hapo, hayupo.

"Habari za asubuhi, fundi!" anasema muuza maziwa akipita na baiskeli yake. Hajibiwi. Anacheka, anakanyaga pedeli, anakwenda zake.

"Hapo usimwite hata kama nyumba inaungua," anaonya mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma anayefanyia kazi kwenye karakana hiyo hiyo, upande wa pili wa ukuta wa mabati. "Zima moto mwenyewe, umweleze baadaye. Akishakaa kwenye ndoo ile, mimi nahesabika mjane."

Mtaani anaitwa Fundi Herufi. Nyumbani ni Mama Kidoti, kwa jina la utani la binti yake wa kwanza. Ana miaka arobaini na mitatu, watoto watatu, na mkono usiotetemeka. Zaidi ya nusu ya maduka ya mtaa huu yanajulikana majina yake kwa sababu yeye aliyaandika. Na kwa muda wa miaka kumi na moja amekuwa akiandika kitu kingine kisichotundikwa popote: riwaya.

Inaitwa *Mlango Mmoja*. Ni hadithi ya dada wawili waliorithi nyumba ya baba yao, nyumba yenye vyumba sita na mlango mmoja tu wa kutokea. Dada hao hawasemezani. Wamegawana vyumba, wamegawana vyungu, wamegawana hata misumari ya kutundikia nguo. Mlango umewashinda kuugawa.

"Ukigombana na ndugu yako, sahani utahama, meza utahama," anasema. "Lakini mkiwa na mlango mmoja, kila siku lazima mpishane. Hapo kwenye kupishana ndipo hadithi yangu inapokaa."

Katika kurasa karibu mia tatu, dada hao wamepishana mpaka basi. Imebaki sura moja, ile ambayo mmoja wao atafungua kinywa, au hatafungua kabisa. Na muda wa sura hiyo unayoyoma. Mwisho wa mwezi huu karakana inahama, na huko inakohamia rangi mbichi haina ruhusa. Bila rangi mbichi, Mama Kidoti hajui kama anaweza kuandika.

Neno hilo linahitaji maelezo, na maelezo yake yanaanzia mbali kidogo.

Kazi ya vibao alifundishwa na mjomba wake alipomaliza kidato cha nne na kukosa nafasi ya kuendelea. Mjomba hakumpa brashi mpaka alipojua kupima. "Alikuwa akiniambia, herufi ni mtu, ina kichwa na miguu. Usimkate mtu miguu eti kwa sababu kibao kimekwisha," anakumbuka. Mpaka leo akiona kibao ambacho neno la mwisho limebanwa pembeni kama abiria asiye na kiti, husononeka siku nzima.

Jambo la pili alilorithi kwa mjomba ni ukali wa lugha. Hapaki sentensi mbovu, hata ulipe mara mbili. Mshonaji mmoja alimletea karatasi yenye maneno TUNASHONA WANAUME NA WANAWAKE.

"Nikamuuliza, kaka, unawashona kwa uzi gani?"

"Si watu wataelewa tu, fundi?"

"Wataelewa, ndiyo. Ndiyo maana hawataingia."

Mshonaji alikubali kuongeza maneno NGUO ZA, ingawa herufi za ziada zilimgharimu. Kibao kipo mpaka leo, na wanaume wanaingia bila hofu.

Mtu anayelinda maneno ya wenzake namna hiyo, haishangazi kwamba siku moja alitaka kuwa na ya kwake. Alianza riwaya mtoto wake wa mwisho alipoacha kunyonya. Alikuwa na bidii ya mwanzo, ile inayofanana na homa. Sura ya kwanza ilitoka kwa wiki mbili. Sura ya pili ilichukua mwaka. Baada ya miaka minane, alikuwa na sura tatu na visingizio tele.

"Nilikuwa nasubiri roho ipende," anasema, akicheka. "Sasa roho ya mtu mwenye watoto watatu na wateja wenye haraka inapenda nini? Inapenda kulala! Nilikuwa nakaa mezani baada ya chakula, naandika mstari mmoja, usingizi unanibeba. Nikiamka, neno 'lakini' limejichapa shavuni."

Kwa kuwa meza ilimgomea, akaanza kuandika kichwani akiwa kazini. Mkono unapaka, kichwa kinatunga. Aliona amepata dawa. Kweli, dawa ndiyo iliyomuumbua.

Mwenye duka la dawa la mtaa wa pili alikuwa ameagiza kibao kikubwa: jina la duka, chini yake TUNAJALI AFYA YAKO, na chini kabisa KARIBU TENA. Siku hiyo Mama Kidoti alikuwa amezama kwenye sura ya nne, pale mume wa yule dada mdogo anapotoka nyumbani. Sentensi aliyokuwa akiizungusha kichwani ilikuwa hii: "Alitoka kununua kiberiti, hakurudi tena."

Mume wake alibeba kibao jioni, akakitundika, akakaza skrubu zote. "Mimi nasoma skrubu, maneno sisomi," anajitetea mpaka leo.

Mwenye duka la dawa ndiye anayejua kuisimulia vizuri zaidi. Anaisimulia akiwa nyuma ya kaunta yake, miwani ikiwa imepanda juu ya kilemba.

"Asubuhi nafika, naona watu wamejaa nje. Nikasema, leo Mungu kanikumbuka! Kumbe wanasoma. TUNAJALI AFYA YAKO, HAKURUDI TENA. Mzee mmoja akanivuta pembeni, kwa adabu zake zote, akaniuliza: 'Binti yangu, huyu ambaye hakurudi, mlimpa dawa gani?'"

Fundi aliitwa. Alifika mbio na ngazi begani, kopo la rangi nyeupe mkononi, machozi yakiwa karibu. Mwenye duka alimsubiri mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama Kidoti, umeniulia wagonjwa kwa brashi!"

"Nisamehe, dada yangu. Nafuta sasa hivi."

"Utafuta. Kwanza niambie, nani hakurudi?"

"Ni mume wa mtu. Kwenye hadithi yangu. Alitoka kununua kiberiti."

"Akaenda wapi?"

"Sijajua bado."

"Hujajua? Umemtoa mwenyewe nyumbani kwake, na hujui alikokwenda?" Mwenye duka alisahau hasira zake. "Funika hilo neno, halafu kaa hapo kwenye ngazi umtafute huyo mwanaume. Mimi siwezi kulala hivi."

Alifunika neno kwa rangi nyeupe. Lakini juu ya rangi mbichi huwezi kuandika, herufi zitatiririka. Ilibidi angoje. Nyumbani kulikuwa mbali, jua lilikuwa kali, na hakuwa na kazi nyingine ya kufanya. Akaomba karatasi, akakaa kwenye ngazi ya duka la dawa, akamtafuta yule mwanaume.

Rangi ilipokauka, kurasa mbili zilikuwa zimejaa, na yule mwanaume alikuwa amepatikana. Hakuwa mbali, wala hakuwa na mwanamke mwingine. Alikuwa amepata kazi ya kuuza viberiti na kuona haya kurudi.

"Nilipanda ngazi kuandika KARIBU TENA nikiwa mtu mwingine," anasema Mama Kidoti. "Miaka minane nilikuwa nasema sina muda. Kumbe muda ninao, nimeuegemeza ukutani, nautazama ukikauka."

Kila kibao cha rangi ya mafuta hupakwa mara mbili au zaidi. Mafundi huita mkono wa kwanza na mkono wa pili. Kati ya mkono na mkono kuna kungoja, na kungoja huko hakuharakishwi. Ukigusa mapema, kidole chako kinabaki kwenye kibao cha watu milele. Zamani alikuwa akiutumia muda huo kupiga soga, kunywa chai na kugombana na mume wake. Sasa akauweka wakfu kwa dada zake wawili.

Akajiwekea sheria. Brashi ikiwa mkononi, hadithi isubiri nje. Penseli ikiwa mkononi, wateja wasubiri nje. Na rangi ikikauka anainuka, hata kama amefika katikati ya sentensi.

Sheria hiyo ya mwisho ndiyo iliyomshangaza zaidi. "Mwanzoni iliniuma kuacha mtu amenyanyua kikombe hajanywa. Lakini siku ya pili nikikaa, sina haja ya kufikiria nianzie wapi. Mtu wangu ana kiu, kikombe kiko hewani. Namnywesha tu, tunaendelea."

Mume wake hakuamini haraka. "Nilimwambia ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Nami nikamwambia, ngoja ngoja yangu inazaa kurasa," anadakia mke kutoka upande wa pili wa mabati, ingawa hakuna aliyejua kwamba anasikiliza.

Tabia ya rangi imeacha alama ndani ya kitabu chenyewe. Jua likiwaka, rangi hukauka kwa saa mbili hivi, na sura huwa fupi zenye maneno makali. Mawingu yakitanda, kungoja kunarefuka na watu wa hadithini wanaanza kukumbuka utoto wao. Sura ya tisa ni ndefu kuliko zote kwa sababu mvua ilinyesha wiki nzima.

Anayejua siri hiyo kuliko wote ni mama mkwe wake, anayeishi nao. Macho yake hayawezi tena maandishi madogo, hivyo kila Jumapili baada ya chakula husomewa kilichoandikwa wiki hiyo. Ni msikilizaji asiye na huruma.

"Mkwe wangu, hii sura nyembamba," husema. "Jua lilikuwa kali?"

Kwa mwendo huo, sura tatu ziliongezeka zikawa kumi na tisa katika muda usiofika miaka miwili. Mama mkwe akaanza kuwaita wale dada kwa majina yao kama majirani, na kuwalaumu wakati wa kuosha vyombo. Hapo ndipo mashine ilipoingia.

Iliingizwa na shemeji yake, mdogo wa mume wake, kijana mwenye akili ya biashara na suruali isiyo na doa. Alikopa, akanunua mashine ya kuchapa mabango ya plastiki. Unaandika maneno kwenye kompyuta, unabonyeza, bango linateremka upande wa pili kama ulimi. Linatoka likiwa kavu.

Wateja walihama. Kwa kila vibao vitano alivyokuwa akipata Mama Kidoti, vitatu vilikwenda kwenye mashine. Shemeji hakuwa na nia mbaya. Alimwita wafanye kazi pamoja, kijana ashike mashine, Mama Kidoti apange herufi, kwa kuwa hakuna mtu mtaani anayejua herufi kama yeye. Mama Kidoti alikubali bila kinyongo.

"Mashine haijanifanyia ubaya, niseme ukweli. Ada ya Kidoti imelipwa na mashine. Lakini ilininyang'anya kungoja. Bango likitoka, mteja yupo hapo hapo, amenyoosha mkono. Utaandika saa ngapi?"

Alijaribu kuandika jioni, usingizi ukamkumbuka. Alijaribu kuweka kengele ya simu, akawa anaizima kama anavyozima ile ya kuamkia. Alijaribu kukaa kwenye ndoo bila kupaka kitu, akajiona mjinga, akainuka kufagia. Miezi miwili ilipita bila koma wala nukta.

Mama mkwe alivumilia Jumapili za kwanza. Kisha akauliza.

"Wale dada wamekufa?"

"Hawajafa, mama."

"Basi mbona hawaji?"

"Nilizoea kuandika nikingoja rangi ikauke, mama. Siku hizi rangi hakuna."

"Si upake?"

"Nipake nini? Hakuna mteja."

Mama mkwe alinyoosha vidole vyake. "Mwanangu, wanawake wanapaka kucha kila siku. Umewahi kuona mteja wa kucha?"

Kesho yake Mama Kidoti alitafuta mlango wa kabati lililovunjika, akausugua kwa msasa, akaupaka rangi ya kijani kutoka kwenye mabaki ya kopo. Hakuandika neno juu yake. Aliuegemeza ukutani, akakaa kwenye ndoo, akaandika mpaka ulipokauka. Siku iliyofuata akaupaka rangi ya bluu. Siku iliyofuata, nyekundu.

Siku akiwa na kibao cha mteja, kama hiki cha magodoro, hutumia hicho. Siku asipokuwa nacho, hupaka mlango wake wa kabati, asubuhi kabla mashine ya shemeji haijawashwa. Ameupaka mara nyingi sana mpaka umenenepa.

"Ulikuwa mbao, sasa tofali," anasema mume wake, akiugonga kwa kifundo cha kidole. "Watu walikuja kuniuliza kama mke wangu yuko sawa. Nikawaambia, yuko sawa, anapaka rangi ili ikauke."

"Wakasema nini?" anaulizwa.

"Wakanipa pole."

Lakini sura ziliendelea: ya ishirini, ya ishirini na moja, mpaka ya ishirini na sita. Ikabaki moja. Ndipo shemeji alipoleta habari, akiwa na furaha ya mtu aliyebeba zawadi. Amepata chumba barabara kuu, chenye dirisha kubwa na umeme usiokatika. Wote wanahamia huko, mashine, mchomeleaji na mpanga herufi. Kuna uwanja wa nyuma wa kuchomelea. Kwa rangi, hakuna nafasi. Mvuke wa thina na vumbi la msasa ni sumu kwa mashine.

"Shem, nakuhurumia kweli," anasema kijana huyo, akiwa amesimama mbali na kibao cha magodoro ili asichafue suruali. "Lakini vitundu vya wino vikiziba, tunalia sote. Si uandike tu bila rangi? Wenzako wanaandika bila rangi."

"Na wewe si uchape bila wino?"

"Shem, wewe na maneno!"

"Ndiyo kazi yangu. Sogea, unaniwekea kivuli, kitachelewa kukauka." Kisha, baada ya kufikiri kidogo: "Au baki hapo hapo. Naomba kivuli."

Utani huo una ukweli ndani yake, kwa sababu sura ya mwisho imemsumbua kuliko zote. Ameianza mara tatu na kuifuta mara tatu. Na ushauri haukosekani. Mwenye duka la dawa, ambaye amesomewa kitabu chote kwa awamu, ana suluhisho la kitabibu.

"Watoboe ukuta, waweke mlango wa pili. Kila mmoja apite kwake, presha zishuke."

Mama mkwe alipofikishiwa pendekezo hilo aliguna. "Mlango wa pili? Basi na kitabu kibadilishwe jina."

Yeye anataka wasemezane. Si lazima wapatane, anasema, kwa sababu yeye mwenyewe ana dada na anajua mambo yalivyo. Lakini wasemezane. "Mtu hawezi kunisomea Jumapili zote hizi halafu watu wafe wamenuna."

Mama Kidoti husikiliza wote, hamwahidi yeyote. Alipoulizwa siku ile ya kibao cha magodoro kama atamaliza kabla ya kuhama, alitazama makopo yaliyopangwa ukutani. "Sijui," alisema. "Nikihama na sura hii haijaisha, naogopa itakuwa kama yule mwanaume wa kiberiti. Kila siku itasema narudi, itaona haya."

Siku mbili kabla ya mwezi kwisha, karakana imegeuka uwanja wa mizigo. Mkokoteni umesimama nje. Mume amefunga nusu ya vyuma vyake, na nusu nyingine anaikatakata kwa haraka amalize geti la mteja wa mwisho. Cheche zinaruka, mashine ya kuchomelea inanguruma, shemeji anapita na maboksi huku akipiga kelele kwamba kila mtu asogee.

Ukutani hakuna kopo hata moja. Yalibebwa jana. Mlango wa kabati nao umekwenda, umefungwa kwa kamba pamoja na ngazi. Hakuna harufu ya thina, hakuna kitu kibichi popote.

Mama Kidoti amekaa kwenye ndoo, anaandika.

"Nimeamka, miguu ikanileta," anasema bila kuinua kichwa. "Nikasema nikae tu, nione aibu yangu itaishia wapi. Sasa usiniongeleshe."

Jua linapanda. Shemeji anamzunguka mara ya kwanza na boksi, mara ya pili na kiti. Mara ya tatu anasimama, anataka ndoo, anafungua mdomo. Kaka yake anamwonyesha kwa nyundo aende zake. Anakwenda.

Mama Kidoti anaandika ukurasa, anauweka chini ya paja upepo usiuchukue. Anaandika mwingine. Mara moja anacheka peke yake. Mara moja anafuta macho kwa mkono wa ovaroli, labda ni moshi wa kuchomelea. Hakuna wa kumwambia muda umekwisha, na yeye haulizi.

Kisha anarudisha penseli nyuma ya sikio.

"Nimemaliza," anasema.

Hakuna anayemsikia. Mashine inanguruma, mkokoteni unapigwa kamba.

"Baba Kidoti! Nimemaliza!"

Mume wake anainua kinyago. "Umemaliza nini?"

"Kitabu."

Anaizima mashine. Kimya kinachofuata ni kikubwa kiasi kwamba muuza maziwa, aliyekuwa anapita, anasimamisha baiskeli kuona kumetokea nini. Mume anavua glavu moja, halafu ya pili, anakuja kusimama mbele ya mke wake, hajui aweke wapi mikono yake. Mwishowe anaipangusa kwenye suruali na kumwinua kutoka kwenye ndoo.

"Hongera, mama," anasema. "Hongera sana."

Shemeji anafika akikimbia, boksi likiwa bado begani. "Walisemezana?"

"Jumapili. Mama ndiye wa kwanza kusikia."

"Shem! Mimi nimekubebea makopo yote jana, mgongo unaniuma. Nipe hata neno moja."

Mama Kidoti anafikiri. Anatazama karatasi ya juu, anaifunika kwa kiganja.

"Neno moja? Haya. 'Pita.'"

Shemeji anasimama na boksi lake. "Nani kasema? Mkubwa au mdogo?"

"Hayo ni maneno mengi."

Kidoti, aliyeko likizo, ndiye atakayeichapa riwaya nzima kwenye kompyuta ya duka jipya, jioni wateja wakishaondoka. Shemeji ameshatoa ruhusa, na ameshatania kwamba kama wachapishaji watakataa, yeye ataichapa kwenye turubai, mita mia moja, aitundike barabara kuu watu wasome wakitembea. Mama Kidoti ana anwani za wachapishaji wawili. Atawaandikia wote, anasema, na hatasubiri akiwa amekunja mikono.

"Kesho asubuhi nitatafuta pa kuweka ndoo huko tunakohamia," anasema, akikusanya karatasi zake. "Unajua kwenye ile nyumba ya wale dada kuna mpangaji wa chumba cha uani? Kitabu kizima anapita na ndoo yake ya maji, anakwenda, anarudi, hajasema neno hata moja. Nilidhani nimemsahau. Leo, wakati dada zangu wako pale mlangoni, nimemwona amesimama nyuma yao na maji yake, anawatazama."

Anabana karatasi kwa kibanio cha nguo.

"Nataka kujua ananyamazia nini."